Wakuu, Swift Sport ya 2008 manyuo inafaa kwa barabara zetu?

Mwana Chanika: Habari za jioni wakuu. Wiki nzima sipati usingizi. Nimepata Suzuki Swift Sport ya 2008, manyuo ya gia tano. Nimeijaribu kutoka Pugu Kajiungeni kwenda Kisarawe. Usukani unajibu papo hapo, kona unaikata gari haiyumbi, na mshale wa mizunguko ya injini ukivuka 4,000, injini inabadilika sauti, unaisikia mpaka kifuani. Hofu yangu ni springi, ni ngumu, kila tuta linakufikia mgongoni. Inafaa kwa kila siku?

Mama Wawili Tabata: Mwanangu, hilo buti halibebi hata gunia la mkaa. Vitz yangu mwaka wa sita huu, imesomesha watoto. Una familia?

Dereva wa Zamani: Mmenikumbusha mbali! Nilikuwa na Starlet GT Turbo, mlima Kitonga naipandisha malori nayaacha kama yameegeshwa. Turbo ikianza kupuliza hewa kwenye injini unabanwa kwenye kiti.

Mwana Chanika: Hata hii ina turbo mkuu.

Kaka wa Ubungo: Mama kakuuliza familia umeruka. Bei gani, na umeshalipa kiasi gani?

Mwana Chanika: Milioni 14. Nimetanguliza 8 Jumamosi. Ilikuwa hela ya mabati, mke wangu hajui. Lakini jamani, mvua bado, na mabati yapo madukani kila siku. Gari kama hii hairudi.

Mama Wawili Tabata: Mwambie leo. Akiambiwa na mtu wa pembeni, hutapata pa kushika.

Mzee wa Data: Hii chai. Swift Sport ya 2008 ni toleo la ZC31S, injini M16A ya 1.6, haina turbo kabisa. Nguvu za farasi 125, tena mpaka uzungushe 6,800. Turbo ilikuja na toleo la ZC33S, 2017. Umeendesha gari gani wewe?

Kaka wa Ubungo: Nami nilishaanza kunusa tangawizi.

Mwana Chanika: Si chai, naapa. Turbo kaniambia muuzaji. Kwenye mlima nilikanyaga gia ya nne, mshale ukapanda mpaka 5,500 lakini mwendo hauongezeki. Akasema tulia, turbo inajipanga.

Fundi Gerezani: Mdogo wangu, hiyo ni klachi inateleza. Nguvu ya gari hiyo iko juu, mvuto wake mkubwa unakuja 4,800, kwa hiyo mwenye mguu mzito anaizungusha mpaka mwisho kila gia. Sahani ya klachi ikiisha, injini inalia na tairi hazipati kitu. Rudi uijaribu: tambarare, gia ya nne, 50, kanyaga yote. Mshale na spidi vinatakiwa kupanda pamoja. Ukishuka nusa, klachi iliyoungua inanuka kama breki za lori lililoshuka mlima.

Dereva wa Zamani: Ile Starlet niliuza 2003, naijutia mpaka leo.

Mwana Chanika: Nimetoka kuijaribu sasa hivi. Gia ya nne, 50, nikakanyaga. Mshale umeruka, spidi imebaki palepale. Na harufu ipo. Muuzaji anasema nimalizie 6, klachi atanitafutia fundi wake. Mke wangu anapiga simu ya tatu hii, sijapokea. Wakuu, kwenye kona lakini gari ile ni nzuri.

Fundi Gerezani: Pokea simu kwanza.