Re: Mke wangu ana mimba, tupo Leipzig, Ujerumani, tuanzie wapi?

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mke wangu ana mimba ya miezi minne na huku hatuna ndugu hata mmoja, naombeni mwongozo tuanze na lipi maana kila ninayemuuliza ananiambia lake.

---

Hongera mdogo wangu, Mungu amjalie wifi ajifungue salama. Habari za vitanda na vigari achana nazo kwanza, huku watu wanagawa bure. Tafuteni Hebamme LEO, yaani mkunga wa kuja nyumbani mama akishajifungua, bima ya afya ndo inamlipa na siku kumi za mwanzo anaweza kuja kila siku, ila mjini ni wa kugombania, subiri mimba ifike miezi saba uone utakavyojibiwa ratiba imejaa. Wa kwangu alikuwa anamfunga mtoto kwenye kitambaa anamning'iniza kwenye mzani wa ndoano kama anapima samaki pale sokoni Feri, mama yangu akaona kwenye video akapiga yowe, lakini huyohuyo ndo aliyeshtuka kwamba mtoto ana manjano, tukawahi hospitali. Na kukaa arobaini bila mama wala shangazi si mchezo jamani, uji wa pilipili manga nilijipikia mwenyewe.

Halafu makaratasi. Standesamt, wanaosajili vizazi, watataka vyeti vyenu vya kuzaliwa (vya RITA, wanaosajili vizazi kule Tanzania) na cha ndoa, vyote vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, na wakiamua kuvihakiki huko nyumbani ni miezi. Kwa hiyo anzeni sa hivi. Vikichelewa usikubali kutoka mikono mitupu, omba nakala iliyothibitishwa ya rejista ya kizazi, itakusaidia kwenye bima na Kindergeld, posho ya mtoto ya kila mwezi. Elterngeld, posho ya mzazi anayebaki nyumbani kulea, nayo wanalipa nyuma miezi mitatu tu, ukizubaa imekula kwako.

---

Naongezea kwa dada hapo juu. Uraia: tangu Juni 2024, mzazi mmoja akiwa ameishi hapa kihalali miaka 5 na ana ukaazi wa kudumu, mtoto anazaliwa Mjerumani. Wa Tanzania msiogope, uraia pacha umekatazwa kwa mtu mzima, mtoto anaachiwa mpaka atimize 18. Wakenya nyie mlishamaliza hilo tangu katiba ya 2010, mnaturingia tu.

---

Asanteni sana, mbarikiwe. Na mama mkwe akitaka kuja kumlea mwanae?

---

Viza ya Schengen, ile ya kutembelea Ulaya, ni siku 90 tu, msimlete mapema akaishia kuangalia tumbo. Mimi ningemleta wiki mbili kabla ya tarehe ya kujifungua aliyotoa daktari. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, bima yake ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu, na kama hana kipato cha kuonyesha wewe ndo unamdhamini kwa kusaini Verpflichtungserklärung huko idara ya wageni, nenda na salary slip zako. Apointimenti zao zinachelewa, kaombe wiki hii.