Je, mtangazaji wa televisheni anyamaze wakati mtelezaji yuko kwenye barafu?

Mtazamaji wa Ibanda (Bukavu) anauliza:

Ndugu na dada zangu, salamu kwenu nyote. Najua jukwaa hili limezoea mpira wa miguu, na najua pia kwamba barafu ya mji wetu ni ile tu inayouzwa kwa wenye samaki, lakini naomba mnivumilie kwa swali hili.

Nyumbani kwetu tunaufuatilia mchezo wa kuteleza kwa madaha kwenye barafu kupitia chaneli za Kifaransa, na shabiki mkubwa kuliko sisi sote ni mama yangu mzazi. Mama hakusoma Kifaransa. Anachofuata ni mwili wa mchezaji na muziki, basi. Majuzi aligeuka akaniuliza: «Mbona huyu bwana anahubiri wakati kwaya inaimba?» Nilitaka kumtetea mtangazaji, nikakosa hoja.

Nimeendelea kulifikiria jambo hilo, na naona mama ana haki zaidi ya nilivyodhani. Onyesho fupi la mchezaji mmoja huchukua takriban dakika 2 na sekunde 40, na onyesho huru takriban dakika 4. Likiisha, mchezaji huinama mbele ya watazamaji, huenda kuketi na kocha wake kusubiri alama, na muda huo wote televisheni hurudia miruko kwa mwendo wa polepole. Nafasi ya kusema, basi, ipo tele. Tena, tangu msimu wa 2022 majaji hutoa alama za upande wa sanaa kwa mambo matatu, yaani mpangilio wa onyesho, uwasilishaji wake na ufundi wa kuteleza, na uhusiano wa mwili na muziki ni sehemu ya yale wanayoyapima. Mtu wa nyumbani atawezaje kuielewa alama hiyo ikiwa muziki wenyewe umefunikwa na maelezo kuhusu umri wa mchezaji, jeraha lake la mwaka jana na jina la kocha wake wa zamani?

Naomba maoni yenu, hasa ya wale wanaofanya kazi ya sauti kwa namna yoyote.

Mwimbishaji wa Kadutu (Bukavu):

Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie kwamba mwimbishaji wa kwaya yuko upande wake.

Naongeza jambo moja ambalo watu wengi hawalifikirii: barafu yenyewe ina sauti. Mchezaji anapoingia katika mkunjo mzito, chuma cha kiatu hukata barafu kwa mlio mrefu unaosikika wazi kama kipaza sauti kimewekwa karibu. Anapochoma meno ya mbele ya chuma ili aruke, unasikia kishindo kifupi, kisha kimya cha hewani, kisha mguu kutua. Kutua kwa mguu uliojipanga vizuri hutoa mlio mmoja unaoendelea katika mteremko. Kutua kwa kuyumba hukwaruza. Sikio lililozoea hugundua kosa kabla jicho halijalielewa. Mtangazaji anayepaza sauti sekunde ileile ya kutua anatunyang'anya ushahidi ulio bora kuliko neno lake.

Kuhusu muziki, hali imezidi kuwa mbaya tangu msimu wa 2014, wachezaji mmojammoja na jozi waliporuhusiwa kutumia nyimbo zenye maneno. Zamani ilikuwa sauti ya mtu juu ya fidla na piano. Leo ni mtu anayesema juu ya mtu anayeimba, na mara nyingi kwa lugha mbili tofauti. Mimi nikiwa na waimbaji wawili wanaogombania mstari mmoja, nasimamisha mazoezi.

Tukumbuke Olimpiki ya Sarajevo mwaka 1984, Jayne Torvill na Christopher Dean wa Uingereza walipocheza Bolero ya Ravel. Muziki waliouchagua ulikuwa wa dakika 4 na sekunde 28, na kanuni iliruhusu mwisho dakika 4 na sekunde 10. Saa ilihesabiwa tangu chuma cha kiatu kinapoanza kuteleza, kwa hiyo wakaanza wakiwa wamepiga magoti, wakiyumbisha miili kwa sekunde zile 18 za ziada bila kuvunja sheria. Hilo ni jambo tamu la kumweleza mtazamaji, nami ningependa niambiwe. Lakini niambiwe kabla muziki haujaanza, ili wanapopiga magoti nijue ninachokitazama. Ukiniambia wakati wamepiga magoti, nitakusikiliza wewe, na ile ngoma ndogo ya mwanzo, ambayo Ravel ameiandika iwe ya chini kabisa, itanipita.

Sauti ya Himbi (Goma):

Ndugu zangu wa Bukavu, kwa heshima zote, mnamhukumu mtu bila kumsikiliza. Mimi nimetangaza michezo redioni kwa miaka kadhaa, naomba niseme upande wa pili.

Kwanza, mnazungumza kama watu ambao tayari wanaujua mchezo. Fikirini mtu aliyewasha televisheni kwa mara ya kwanza. Kuna aina sita za miruko ambazo majaji huzihesabu, na kwa jicho la kawaida zote ni mtu anayezunguka hewani. Lutz na flipu zote mbili huanza kinyumenyume kwa kuchoma meno ya chuma. Tofauti ni kwamba Lutz huanzia ukingo wa nje wa chuma cha kiatu na flipu ukingo wa ndani. Axel ndio mruko pekee kati ya hiyo unaoanza mchezaji akitazama mbele, na kwa kuwa hutua kinyumenyume kama mingine, una nusu mzunguko zaidi ya hesabu iliyo katika jina lake. Mwezi Septemba 2022, Ilia Malinin wa Marekani alipokuwa mtu wa kwanza kutua Axel ya mizunguko minne katika mashindano, mwili wake ulizunguka mara nne na nusu. Asiyeambiwa hapohapo atajuaje kwamba ameona jambo ambalo halijawahi kufanyika?

Pili, kuna mambo ambayo kimya huyapotosha. Surya Bonaly wa Ufaransa, katika Olimpiki ya mwaka 1998 kule Nagano, alipinduka sarakasi kinyumenyume na kutua kwa mguu mmoja. Ukumbi ulishangilia. Mama yetu wa Ibanda angeona ushangiliaji na kudhani kwamba binti yule anaelekea kwenye medali. Ukweli ni kwamba sarakasi ile ilikuwa imepigwa marufuku tangu miaka ya sabini, Bonaly alikuwa ameumia na alijua kwamba medali haipo tena, na aliifanya mbele ya majaji makusudi. Marufuku hiyo imeondolewa mwaka 2024 tu. Bila sauti ya mtu anayejua, tukio hilo lingeonekana kuwa pambo la kawaida.

Tatu, na hili wengi hawalijui, sauti ya ukumbi na sauti ya mtangazaji huja kwa njia mbili mbalimbali. Katika Olimpiki, mrushaji mkuu hutoa picha pamoja na sauti ya muziki, barafu na watazamaji bila neno la mtu yeyote, kisha kila nchi huweka watangazaji wake juu yake. Kwa hiyo muziki ukizama, huenda kosa si la anayesema. Huenda ni la fundi aliyeushusha mno. Nimewahi kulaumiwa mimi kwa mkono wa mtu mwingine.

Mwimbishaji wa Kadutu:

Kaka wa Himbi, hoja ya fundi naikubali bila masharti. Hoja ya Bonaly, hapana. Sarakasi ile ilikwisha katika sekunde mbili, na maelezo yake, kama ulivyoyaandika wewe mwenyewe, yanahitaji aya nzima. Mtangazaji anayeyatoa palepale atakuwa bado anaeleza binti akiwa amekwisha kumaliza onyesho lake. Na hilo lilikuwa onyesho lake la mwisho katika Olimpiki.

Kuhusu majina ya miruko, siku hizi matangazo mengi huonyesha kisanduku pembeni mwa skrini chenye jumla ya alama za ufundi zinavyopanda na taa ndogo za rangi: kijani majaji wakiridhika, nyekundu wakikataa, manjano mruko ukiwekwa kando ili utazamwe upya. Jicho linapata habari, sikio linabaki huru. Na hiyo taa ya manjano inanipa sababu nyingine ya kumtaka mtangazaji asubiri. Mara ngapi tumesikia «safi kabisa!» halafu jopo la ufundi likatazama mkanda, likaona mzunguko umepungua zaidi ya robo, na thamani ya mruko ikashushwa? Mtangazaji akibaki kimya hadi marudio ya polepole, atasema kile alichokiona. Akisema papo hapo, anabahatisha, na watazamaji wanabaki kuwatuhumu majaji wizi.

Binti wa Kamalondo (Lubumbashi):

Nawasalimu wakubwa wangu. Nimesoma yote, na naona kuna mtu mmoja ambaye hamjamtaja.

Baba yangu mdogo haoni. Tunaketi naye sebuleni na tunatazama pamoja, kwa maana yeye husikiliza nasi tunatazama. Mtangazaji akinyamaza kwa dakika nne, baba mdogo anabaki na wimbo tu, ambao angeweza kuupata redioni. Lakini msifikiri kwamba anapenda kelele. Ananung'unika kuliko mama wa Ibanda! Anasema: «Huyu ananiambia amefurahi, haniambii mchezaji anafanya nini.» Sifa hazimsaidii, wala historia ya kocha. Anachotaka ni maneno machache ya kazi: ameinama, mguu mmoja nyuma, anaongeza mwendo, ameruka, ametua, mkono umegusa barafu. Mchezaji akifanya mzunguko wa kusimama mahali pamoja, mimi humshika mkono na kuuzungusha kwa mwendo uleule, polepole na kisha haraka, kwa sababu hakuna mtangazaji niliyewahi kumsikia akieleza mwendo huo.

Kwa hiyo mkisema tu «anyamaze» au «aseme», baba mdogo hayumo katika jibu lolote. Kama sauti za matangazo huja kwa njia mbalimbali, kama alivyoeleza Papa wa Himbi, mbona hatupewi wenyewe nafasi ya kuchagua? Njia moja iwe ya ukumbi pekee, ya pili iwe na uchambuzi, ya tatu iwe ya maelezo kwa wasioona. Dekoda zetu tayari hutuwezesha kubadilisha lugha ya filamu.

Mkaazi wa Bagira (Bukavu):

Mimi huzima sauti kabisa. Nyumba ya jirani ina jenereta, siwezi kusikia muziki wala mtangazaji. Sijaona hasara yoyote.

Mtazamaji wa Ibanda:

Kaka wa Bagira, umenichekesha, lakini ukizima sauti hujui kama mchezaji yuko juu ya mdundo au ameuacha nyuma, na mimi naona hapo ndipo wengi hupoteza alama bila sisi kuelewa sababu.

Dada wa Kamalondo, ahsante sana, umelibadilisha swali langu. Nilikuwa nikidhani ni ugomvi kati ya wanaojua na wasiojua. Nikirudi kwa kaka wa Himbi: je, wewe ukipewa kiti hicho leo, pamoja na njia moja tu ya sauti, ungefanya nini hasa?

Sauti ya Himbi:

Swali la haki. Ningetofautisha aina za mashindano, jambo ambalo sote hatujalifanya.

Katika densi ya barafu ya wawili, ambako hakuna miruko ile mikubwa wala kurushana, ningenyamaza tangu mwanzo hadi mwisho. Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron walipochukua dhahabu Beijing mwaka 2022 kwa muziki wa Gabriel Fauré, sijui ningeongeza neno gani. Katika mchezaji mmojammoja ningetaja jina la mruko na idadi ya mizunguko, baada ya kutua, si kabla, na nisingetaja kitu kingine. Jozi wanapoinuana na kurushana ningefanya vivyo hivyo. Mchezaji akianguka, nisingesema kitu: watu wameona, na anguko la kwanza hukatwa pointi 1, hesabu ambayo inaweza kusubiri.

Ila kwa mtu kama baba mdogo wa Kamalondo mpango huo hautoshi, nakiri. Mwendo wa kuzunguka, kwa mfano, sijui ningeueleza vipi bila kuujaza muziki maneno. Dada, baba mdogo mwenyewe angependa aambiwe kitu gani pale?

Binti wa Kamalondo:

Nimemuuliza. Amesema atajiwe mara moja tu mchezaji amejikunja au amenyooka, kisha aachiwe muziki, kwa sababu mwendo wa kuongezeka husikika kwenye makofi ya watu. Mkono wangu ameomba uendelee.