R-Type ya kucheza nyumbani, nichukue ipi?

kijiti_chekundu: Wadau naombeni ushauri. R-Type, gemu la kurusha risasi kwa ndege ya angani la kampuni ya Irem, ile ya 1987, nimewahi kuicheza kwenye mashine ya sarafu mara moja tu na sarafu zote zikaishia kwa yule bosi wa kwanza Dobkeratops, tangu siku hiyo nina deni nae. Sasa nataka ya nyumbani. Nimeona za konsoli tatu: ya Master System, ya PC Engine na Super R-Type ya Super Nintendo. Ipi inakaribiana na yenyewe?

mzee_pikseli: PC Engine mkuu, usihangaike. Ya 1988 hiyo ila ukiitazama unaweza kudhani ni mashine yenyewe, shida skrini ni fupi kidogo kwa hiyo ukipanda na ukishuka picha nayo inakufuata. Halafu angalia, Japani waliikata vipande viwili, leveli nne kadi moja na nne kadi nyingine, yani gemu moja unalipia mara mbili 😂 Ya Marekani ya TurboGrafx-16, yaani PC Engine kwa jina la huko, ina zote nane kwenye kadi moja lakini haichezi kwenye PC Engine ya Kijapani, usije ukanunua ukalia.

DadaKatriji: Mzee wewe kila kitu PC Engine. Ya Master System ni mashine ya biti 8 tu na kampuni ya Compile waliibana humo wakaongeza hadi leveli ya siri ambayo kwenye mashine ya sarafu haipo!! Ndio, vitu vikijaa vinapepesa, na bosi akija nyuma panakuwa peusi tii maana bosi mwenyewe kachorwa kama mandhari. Mimi sijali. Ile leveli ya tatu ya meli moja kubwa unayoizunguka mwanzo mwisho bado inatisha.

fundi_kaseti: Mmesahau kompyuta ya Spectrum nyie. Bob Pape aliiandika ikaingia kwenye kilobaiti 48, kutoka kwenye kaseti!, na lile duara la Force, silaha ya ziada, bado unalibandika mbele au nyuma ya ndege au unalirusha likapigane lenyewe. Na ya kompyuta ya Commodore 64 ina kisa chake, Manfred Trenz alitengeneza gemu la Katakis ikafanana mno na R-Type, kesi ikanukia, mwisho wakampa kazi ya kutengeneza R-Type yenyewe.

kijiti_chekundu: 😂😂 mwizi kakabidhiwa duka. Na Super R-Type je? Ndio ya bei nafuu niliyoiona

mzee_pikseli: Kimbia. Kwanza sio ile ile, ni mchanganyiko na leveli za R-Type II. Maadui wakiwa wengi inatembea kama imebeba gunia, na ukifa unarudi mwanzo wa leveli. Mwanzo kabisa! Hakuna cha katikati.

DadaKatriji: Hapo nakuunga mkono mzee wangu, kwa mara ya kwanza.

fundi_kaseti: Kama una kompyuta au Switch chukua R-Type Dimensions EX, ina ya kwanza na ya pili, kitufe kimoja unahama kutoka picha za zamani kwenda za 3D, na kuna modi ya maisha yasiyoisha.

kijiti_chekundu: Maisha yasiyoisha kwa Dobkeratops huko si kulipa deni bana. Naenda na Master System, dada ukiona inauzwa nishtue.

DadaKatriji: Yangu siuzi 😅