Acheni kutuuzia matairi kwa skrinshoti za testi ambazo hata hamjazisoma!!

Wakuu habarini, huu uzi ni wa malalamiko na sitapunguza maneno.

Natumia Crown Athlete, saizi ya tairi ni 225/45 R18, gari inasukuma nyuma, V6, wenye nazo mnajua lami ikilowa halafu uwe na tairi la hovyo huo mkia unavyocheza. Sasa nilikuwa natafuta seti nzima ya matairi ya spoti, ya maana, hela nilishatenga. Kila duka nililoingia hapa Dar wimbo ni uleule, jamaa anachomoa simu, anafungua WhatsApp, anakuonyesha skrinshoti ya jedwali la Kijerumani limepigwa duara jekundu mstari wa juu, "kaka hili ndo namba moja Ulaya nzima, limepimwa hili." Limepimwa na nani? Hajui. Mwaka gani? Hajui. Kwa saizi gani? "Saizi zote kaka."

Saizi zote!!

Mmoja nikamwomba ile simu nikaikuza picha. Juu kabisa imeandikwa 225/40 R18, hiyo ni saizi ya magari kama Golf GTI, yanavuta mbele, uzito mwingine, tabia nyingine kabisa. Halafu jina la tairi lililoshinda na jina lililoandikwa ubavuni kwenye tairi alilotaka kunifungia yanafanana mwanzo tu, mwisho yanaachana. Nikamwonyesha. Akanijibu "si kampuni moja kaka, ubora uleule." Na bei aliyokuwa ananitajia ni ya lile lililoshinda! Sitaji duka wala kampuni ya tairi maana huyu sio wa peke yake, huu mchezo umezoeleka mpaka unaonekana wa kawaida, na ndio kinachoniuma.

Jamani, kampuni moja haimaanishi tairi moja. Michelin Pilot Sport 4 na Pilot Sport 4S ni matairi mawili tofauti, hilo la 4S lilikuja 2017 kwa ajili ya magari yenye nguvu kubwa, halafu 2022 ikaja Pilot Sport 5 kuchukua nafasi ya 4, sio ya 4S. Continental nao wana SportContact 7 na PremiumContact 7, namba ile ile, moja ni la spoti kwelikweli lingine ni la safari za kawaida zenye utulivu. Goodyear Eagle F1 Asymmetric 5 na Asymmetric 6 ni vizazi viwili. Na hata ukikuta jina limefanana herufi kwa herufi bado angalia ubavuni kama kuna kinyota, hicho ni cha BMW, au MO ya Mercedes, au AO ya Audi, au N0 ya Porsche, hayo yametengenezwa kwa matakwa ya hao wenye magari na yanaweza yasiwe sawa na lile la kawaida lililopimwa kwenye gazeti. Mtu anayeuza matairi miaka nenda rudi hayajui haya? Anayajua. Au kama hayajui basi afunge duka.

Tuje kwenye testi zenyewe, maana na humu ndani kuna watu kila mtu akiuliza tairi wanarusha picha ya chati na kuandika "funga mjadala". Mjadala haufungwi hivyo. Kila anayepima ana swali lake. ADAC, kile chama cha wenye magari cha Ujerumani, 2023 walipima matairi 50 ya saizi ya 205/55 R16, na mfumo wao wa maksi ulioanza mwaka huo unatoa asilimia 70 kwa usalama barabarani na asilimia 30 kwa mazingira, yaani kuisha kwa tairi, mafuta, kelele na mambo hayo. Kwa hiyo tairi linaloshika lami kama gundi lakini linaisha haraka pale linapoteza maksi, na kwa Mjerumani anayeenda kazini na Golf yake hiyo ni sawa kabisa. Auto Bild, gazeti la magari la Ujerumani, wao wanaanza na matairi kama 50 hivi, wanafunga breki kwanza, ambayo hayajafanya vizuri yanatupwa nje na 20 ndio yanaendelea na testi nzima. Yaani tairi lililoshika nafasi ya 18 pale sio takataka, limeshapita mchujo mkali, ila muuzaji wa tairi la bei kubwa atakuonyesha hiyo 18 kukutisha. Tyre Reviews, chaneli ya YouTube ya Mwingereza mmoja, wanaweka namba zote wazi, mita, sekunde, kelele, mafuta, hao angalau unaweza kusoma mwenyewe ukajitengenezea hukumu. Tire Rack wa South Bend kule Marekani wana uwanja wao na wanapima vizuri tu, lakini kumbukeni nao ni wauza matairi.

Na hivi viwanja vyenyewe, kuna mtu huwa anauliza? Contidrom ni ya Continental. Mireval kule kusini mwa Ufaransa ni ya Goodyear. Magazeti yanaenda kupima humo. Sisemi wanaiba, ADAC wananunua matairi madukani kama mteja yeyote, na wapimaji makini wanarudia seti moja ya rejea katikati ya siku ili jua likipanda au lami ikipoa hesabu irekebishwe. Nasema tu kwamba neno "huru" lisitumike kama mhuri wa msikitini, mtu asome nani kapima, wapi, kwa gari gani.

Kitu kinachonikera zaidi ni watu kuangalia nafasi badala ya mita. Nafasi haikuambii kitu! Kwenye lami kavu matairi ya juu ya daraja hili yanapishana kidogo sana, kutoka 100 mpaka kusimama unaweza kukuta la kwanza na la tano hawajapishana hata mita mbili, hapo mshindi kapatikana kwa nusu pointi ya kelele. Kwenye maji ndio moto unawaka. Chukua hesabu hii, ni mfano: tairi moja linasimama kutoka 80 kwa mita 27, lingine mita 37. Pale lile la kwanza limesimama kabisa, hili la pili bado linatembea zaidi ya 40 kwa saa. 40! Kwa spidi hiyo unamgonga mtu wa bodaboda unamvunja. Na hata mita moja tu, 27 kwa 28, pale mwenzako kasimama wewe bado una kama 15. Sasa muuzaji anayekuambia "tofauti ni ndogo kaka, chukua hili la bei nafuu" muulize tofauti ya nini, kavu au maji, maana masika ya Dar hayana huruma, mvua ikipiga nusu saa tu Morogoro Road maji yamesimama na watu wanakuja na 90.

Na msidanganywe eti matairi ya kiangazi, kama haya ya spoti, hayafai mvua. Nimeyasikia hayo kwa fundi na kwa muuzaji. Ya kiangazi maana yake mpira wake umetengenezwa kwa hali ya hewa ya kuanzia kama nyuzi 7 kwenda juu, chini ya hapo ndio unakakamaa, na sisi Dar hatujawahi kuiona hiyo 7. Kwa mvua ya joto kama yetu hilo ndilo tairi lenyewe. Tairi lisilofaa ni yale ya theluji yanayokuja na magari ya Japani, unaikuta gari imeshuka bandarini na Blizzak au iceGUARD, kashata, yaani yale meno ya tairi, zina vimistari vingi vidogovidogo, mpira laini, linaonekana jipyaaa, mtu anafurahi "matairi bado mazima", kumbe kwenye joto letu linayumba kwenye kona na linaliwa haraka. Kuna maduka yanayang'oa hayo na kuyauza tena kama tairi za "komfoti". Hii ni roho mbaya.

Sasa suala ambalo skrinshoti haiwezi kukuambia hata kidogo. Testi karibu zote hizi ni za tairi jipya, kashata kama milimita 7. Testi ya kuelea juu ya maji wanamwaga maji ya kina cha kama milimita 7 na tairi jipya linayakata. Likibaki na milimita 3 hiyo chati haipo tena, mpangilio unaweza kubadilika kabisa, kuna matairi yanayoanza vizuri na kuporomoka na kuna yanayodumu. Ulaya wenyewe wameliona, kuanzia Julai 2024 aina mpya za matairi zinazoombewa kibali zinatakiwa zifaulu breki za kwenye maji hata zikiwa zimechakaa. Huku kwetu watu wanauziwa yaliyochakaa tayari, kwa sifa za jipya, kwa jedwali la jipya! Haya na umri je? Geuza tairi tafuta DOT, zile namba nne za mwisho, 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya 2019. Tairi la spoti lililokaa nje ya duka juani miaka mpaka mpira umekakamaa, halafu mtu ananionyesha video ya tairi hilohilo likiwa limetoka kiwandani jana. Nikimuuliza DOT ananiambia "tairi halina ekspaya kaka, sio maziwa." Nilitoka pale nikiwa natetemeka kwa hasira.

Stika nayo. Ile ya rangi A mpaka E iliyokuja na sheria mpya ya Ulaya ya Mei 2021 inasema vitu vitatu vya msingi, mafuta, breki za kwenye maji na kelele za nje, basi. Breki za lami kavu hazimo, kona hazimo, kuelea juu ya maji hakumo, kudumu hakumo, na anayejaza hizo herufi ni kiwanda chenyewe. Kadhalika yale maandishi ya Kimarekani ubavuni, TREADWEAR 300 TRACTION AA, mtu anakwambia 300 ni kilomita elfu 30. Uongo! Ni kulinganisha na tairi la rejea lenye 100, kiwanda kinajipa chenyewe, na hiyo AA ni breki za kunyooka kwenye lami na zege lililolowa, kona hazipimwi hapo.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi ningechagua nini, sikupi jina moja. Mtu wa kona na gari yenye nguvu anayekubali kubadilisha mapema, SportContact 7 na Bridgestone Potenza Sport zinasifiwa sana kwa kushika, ila Potenza ina sifa ya kufanya gari ile mafuta zaidi kidogo. Anayepiga Dar-Moro-Dodoma kila wiki aangalie zaidi Pilot Sport 5 au Asymmetric 6. Lakini hayo ni ya kuanzia kutafuta tu, saizi yako ikiwa haipo kwenye testi basi soma testi tatu nne za saizi za jirani uone tairi gani halikosi kwenye tano bora za maji popote linapopimwa, hilo ndilo la kuamini kuliko lililoshinda mara moja kwenye gazeti moja.

Wauzaji mliomo humu, mnasoma. Ukipost tairi la spoti weka jina kamili mpaka herufi ya mwisho, saizi, namba ya uzito na spidi maana Athlete haifungwi tairi lolote lililoingia kwenye ringi, na picha ya DOT inayosomeka sio iliyopigwa kwa mbali usiku. Ukiweka testi weka ukurasa wote, na mwaka. Mkiona hayo ni mengi basi msitumie neno testi kabisa, semeni tu "tairi zuri nunua" tujue moja.

Na wenye Athlete au Mark X mliofunga 225/45 R18 za spoti na mmeshapita nazo masika angalau moja, njooni mseme, jina kamili, DOT, upepo mnaojaza, na kashata zimebaki kiasi gani. Mwenye seti mpya ya DOT ya karibuni aweke bei hapahapa, sio mambo ya njoo inboksi.