Mpelelezi mweusi hajaharibu hadithi, ila kuna kitu hawa watengeneza filamu bado wanakwepa

Wakuu, hii ishu ya "wamemharibu Agatha Christie, yule mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, kwa kujaza watu weusi" inarudi kila ikitoka filamu mpya ya upelelezi, na wengi wanaoishikia bango hata kitabu hawajakifungua.

Chukueni Murder Is Easy ya BBC ya 2023. Kwenye kitabu cha 1939 Luke Fitzwilliam ni Mwingereza, polisi mstaafu anayerudi kwao baada ya kutumikia makoloni ya Mashariki ya Mbali. Kwenye tamthilia steringi ni David Jonsson, na Fitzwilliam ni Mnaijeria anayefika Uingereza 1954 kuanza kazi serikalini, Nigeria yenyewe bado koloni. Kwenye treni anakutana na bibi mmoja, Miss Pinkerton, anamwambia kijijini kwake watu wanauawa na hakuna anayeshtuka, kwahiyo anaenda kuripoti Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, na kabla hajafika anagongwa na gari. Jamaa anaamua kwenda kijijini mwenyewe. Sasa fikirini kijana mweusi kwenye kijiji cha Kiingereza miaka ile anauliza habari za vifo vya watu, kila mlango anaobisha anatazamwa yeye kwanza kama ndo mshukiwa, presha hiyo yule polisi mstaafu wa kitabuni asingeipata kamwe. Hapo hadithi imeongezewa nguvu jamani.

Na mnaosema kila mtu aigize watu wa kwao, basi anzeni na Charlie Chan, mpelelezi Mchina wa Honolulu. Miaka ya thelathini alichezwa na Warner Oland, mzaliwa wa Sweden, filamu 16! Mwanaye mkubwa kwenye filamu alichezwa na Keye Luke, mzaliwa wa China kabisa, yaani mtoto Mchina baba Msweden na watu walikata tiketi wakakaa kimya.

Ila sitetei kila kitu. Death on the Nile ya mwongozaji Kenneth Branagh, ya 2022, nayo ni hadithi ya Christie, mauaji ndani ya meli ya watalii huko Misri, imeniudhi kweli. Salome Otterbourne kitabuni ni mwandishi wa riwaya za mapenzi, na filamu ya 1978 Angela Lansbury alimcheza hivyohivyo. Alipopewa Sophie Okonedo, mwandishi akageuka mwimbaji wa bluzi. Okonedo kaupiga mwingi, sina neno naye, lakini kwanini mwanamke mweusi akiingia lazima ashike maiki? Kitabu hicho kimetoka 1937, na mwaka huohuo Zora Neale Hurston, mwanamke mweusi wa Marekani, alitoa riwaya yake kubwa. Kwahiyo msituambie waandishi weusi hawakuwepo.

Halafu Wamisri wako wapi? Hadithi nzima iko Mto Nile, Branagh kaleta weusi, kaleta Mhindi Ali Fazal, vizuri sana, ila kati ya washukiwa hakuna Mmisri hata mmoja, wenyeji ni wa kuhudumia tu. Ile ya 1978 walienda kushuti Misri kwenyewe, na bado meneja wa meli alichezwa na Mhindi, I. S. Johar, kama kichekesho. Miaka zaidi ya arobaini imepita na mwenye mto bado hana cha kusema, na hili ndo linaniuma kuliko rangi ya Fitzwilliam. Mimi ningetaka nahodha awe Mmisri, mwenye jina, mwenye siri zake, Poirot, mpelelezi wa hadithi hiyo, amkalishe chini amhoji kama anavyowahoji wale matajiri. Anayeona hilo lingeharibu kitabu aje aseme linaharibu wapi.