Mrejesho: Mahindi yangu ya Urambo yaliyokuwa yanaliwa moyoni

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza nifanyeje na ekari moja na nusu ya mahindi hapa Urambo: majani yametobolewa, moyo (yale majani machanga ya katikati ya mche) umejaa uchafu kama unga wa mbao. Mkanijibu ni viwavijeshi vamizi, nikague asubuhi na mapema. Asanteni sana.

Jumatatu saa 12 alfajiri nikafungua moyo wa mche wa kwanza. Yumo! Kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne meusi yaliyojipanga mraba, vilevile mlivyosema. Kosa langu lilikuwa kukagua mchana. Jua likiwaka anazama ndani, unadhani shamba ni salama.

Mimi, mke wangu na shemeji tumepita mstari kwa mstari siku tatu, tunawaponda kwa vidole na kutia majivu kidogo kwenye moyo. Kazi inauma mgongo, jamani. Ila ukikuta mayai yamelundikana kwenye jani, yamefunikwa kama manyoya, unasahau uchovu, maana hapo unamaliza viwavi wengi kabla hawajaanguliwa.

Jumamosi nimehesabu tena: katika miche 20, mitatu tu ina kiwavi hai. Mwanzo ilikuwa 11. Majani mapya yanatoka mazima, na nimefurahi mno.

Palizi imebaki robo ekari, kesho tunaimaliza, kisha Jumatano narudi kukagua alfajiri.