Naomba ushauri: satay ya kuku na sosi ya karanga kwa wageni 20

Mama Karafuu aliandika:

Ndugu zangu, habari za jioni. Mwishoni mwa mwezi huu nina ugeni wa watu wapatao 20, jamaa wa upande wa mume wangu, na shemeji yangu aliyewahi kuishi Malaysia ameniomba niwaandalie satay, yaani mishikaki ya huko, badala ya mishikaki tuliyoizoea. Kuchoma mishikaki ya ng'ombe si jambo geni kwangu, na jiko refu la mkaa ninalo, lakini maelekezo ya satay ninayoyasoma yanapingana kiasi kwamba nashindwa kujua nishike lipi. Mmoja anasema sosi haikamiliki bila tui la nazi, mwingine halitaji tui kabisa. Wapo wanaotumia kidari cha kuku na wapo wanaokikataza. Karibu wote wanataja sosi tamu ya soya ya Kiindonesia, ambayo hapa Morogoro sijaiona katika duka lolote ninalonunua mahitaji yangu.

Naomba kujua mambo matatu hasa: nyama ipi nitumie na viungo gani niilowekee, namna ya kupika sosi ya karanga kwa vitu vya soko letu, na vipi nitachoma vijiti vingi bila vijiti vyenyewe kuungua. Ninaogopa zaidi sosi, kwa sababu nikifikiria tui na karanga katika sufuria moja naona mafuta yakijitenga juu na wageni wakidhani tui limekatika.

Mwanafunzi wa Zamani aliandika:

Dada Mama Karafuu, maelekezo hayo yanapingana kwa sababu satay si chakula kimoja. Indonesia peke yake ina aina nyingi mno. Satay ya kisiwa cha Madura, ambayo wachuuzi wake wameenea miji mingi ya kisiwa jirani cha Java, hutegemea sosi tamu nyeusi ya soya pamoja na karanga, na kwa kawaida haina tui. Satay ya Padang, huko Sumatra Magharibi, haina karanga hata kidogo. Humwagiwa mchuzi mzito wa manjano unaoshikamanishwa kwa unga wa mchele. Watu wa kisiwa cha Bali wana ile ya samaki au nyama iliyosagwa pamoja na nazi, ikabandikwa kwenye kijiti bapa au kwenye bua la mchaichai. Ukisoma maelekezo ya Madura asubuhi na ya Malaysia jioni, lazima uchanganyikiwe.

Kwa kuwa shemeji yako alikaa Malaysia, bila shaka anachokikumbuka ni satay ya huko, ambayo mji wake maarufu ni Kajang, katika jimbo la Selangor nilikosoma. Hiyo ndiyo rahisi kwako, kwa maana nguzo zake ni mchaichai, manjano, giligilani na binzari nyembamba, na vyote unavipata sokoni. Sosi tamu ya soya si ya lazima katika satay hiyo, kwa hiyo acha kuitafuta.

Nyama iwe ya paja la kuku, itolewe mfupa na ngozi. Paja lina mafuta na nyuzi laini zinazolihifadhi lisikauke juu ya moto mkali, ilhali kidari hukauka mara tu unapogeuka kumjibu mgeni. Kuku wa kienyeji aliyekomaa hafai hapa. Nyama yake inataka kuchemshwa, na satay haichemshwi. Kata vipande vidogo kuliko vya mshikaki, upana wa kidole gumba hivi, halafu uvichome kijiti kwa kuvikunja ili vilale bapa. Kilo moja ya nyama isiyo na mfupa hutoa vijiti kati ya 35 na 40, na mtu mzima hula sita bila kutafakari, kwa hiyo andaa kilo tatu na nusu.

Kwa kila kilo moja, saga mabua matatu ya mchaichai, vitunguu maji viwili vidogo, punje tatu za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi. Changanya na manjano vijiko viwili vya chai, giligilani kavu iliyosagwa vijiko viwili vya chai, binzari nyembamba kijiko kimoja cha chai, sukari vijiko vitatu vya chakula, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, na mafuta ya kula vijiko viwili vya chakula. Usipunguze sukari kwa kudhani ni nyingi, kwani satay ya Malaysia ni tamu kweli, na sukari hiyo ndiyo inayoipa rangi.

Kuhusu mchaichai, mwambie muuzaji mapema kwamba hutaki majani ya chai. Sokoni kwetu hukatwa juu na sehemu ya chini huachwa shambani, nawe unahitaji hiyo sehemu ya chini iliyo nyeupe na nene, karibu na mizizi. Ondoa maganda mawili ya nje, kata vipande vyembamba sana ukikingama nyuzi, ndipo usage. Ukitupa bua zima kwenye mashine utapata makapi yanayokwama kwenye meno.

Jiko la Mkaa aliandika:

Nitajibu la moto tu, maana la viungo limejibiwa vizuri.

Vijiti vya mianzi viloweke katika maji kwa muda usiopungua nusu saa. Hata hivyo, kuloweka peke yake hakutoshi, kwa kuwa ncha iliyo wazi hukauka upesi juu ya makaa. Tazama majiko ya wachoma satay wa Asia ya Kusini Mashariki: ni kama mfereji mwembamba, upana wake unalingana na urefu wa nyama kwenye kijiti, hivyo sehemu ya kushikia hubaki nje ya moto. Jiko lako la mishikaki likiwa pana, panga matofali mawili sambamba ndani yake, weka makaa katikati, na uache mikono ya vijiti ilale juu ya tofali. Nyama ijae mpaka kwenye ncha ya kijiti ili ncha isionekane.

Subiri mkaa uache kutoa ndimi za moto na ufunikwe na jivu jepesi. Nyama hii ina sukari, na sukari juu ya mwali huwa nyeusi na chungu kabla ndani hakujaiva. Geuza mara kwa mara. Vipande vya ukubwa uliotajwa huhitaji takriban dakika sita hadi nane kwa jumla. Pasua kimoja kinene, na kama maji yake bado ni ya waridi, kirudishe. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, kuku anaiva salama akifika nyuzi 74.

Chukua bua moja la mchaichai, ligonge ncha kwa mchi mpaka lichanike kama brashi, kisha ulitumie kupaka mafuta wakati wa kuchoma. Lakini usichovye brashi hiyo katika maji ya viungo yaliyobaki kwenye bakuli la nyama mbichi na kupaka nyama iliyokwisha kuiva.

Nyongeza: weka papai bichi kidogo katika viungo, nyama italainika kama unavyofanya kwa ng'ombe.

Mwanafunzi wa Zamani aliandika:

Kaka Jiko la Mkaa, kwa ng'ombe ninakubaliana nawe, lakini kwa paja la kuku papai litaharibu. Kimeng'enya kilicho ndani ya papai bichi huvunja protini ya nyama, na nyama ambayo tayari ni laini ikikaa nacho usiku mzima hugeuka uji kwa nje. Nanasi bichi nalo lina tabia hiyohiyo. Akitumia nyama ya ng'ombe kwa baadhi ya wageni, hapo papai lina kazi, tena kwa saa moja au mbili tu.

Jiko la Mkaa aliandika:

Nimekuelewa. Mimi huchoma ng'ombe zaidi, basi papai libaki huko.

Binti wa Tanga aliandika:

Mpenzi Mama Karafuu, katika sosi hii mafuta kupanda juu ndiyo dalili kwamba imeiva. Wapishi wa Malaysia huisubiri dalili hiyo kwa hamu, na sosi isiyotoa mafuta wao huiona bado mbichi. Tui lililokatika utalitambua kwa chembe nyeupe kama maziwa yaliyoganda, na hutokea ukichemsha tui zito kwa moto mkali tangu mwanzo. Mafuta mekundu ya pilipili yanayoelea juu ya sosi nzito ni kitu kingine kabisa.

Mimi huanza na robo kilo ya karanga, inayotosha watu saba au wanane, hivyo wewe uzidishe mara tatu. Zikaange kavu kwa moto mdogo ukikoroga muda wote, zipoe, zipukuchue maganda na uzipepete kwenye ungo. Kisha zitwange kwenye kinu, usizisage. Mashine hutoa siagi laini, na satay ya Malaysia inataka chembechembe zinazosikika mdomoni. Mimi hutwanga mpaka nyingi zimekuwa unga wenye mafuta na zilizobaki zina ukubwa wa punje za mchele uliovunjika, kisha naacha.

Loweka pilipili kavu nane hadi kumi katika maji ya moto. Kama kuna watoto, toa mbegu. Zisage na vitunguu vinne vidogo, punje mbili za kitunguu saumu, bua moja la mchaichai na tangawizi kidogo. Weka mafuta ya kula mengi kidogo kuliko ulivyozoea, robo kikombe hivi, ukaange rojo hiyo kwa moto wa wastani. Usiwe na haraka hapa. Mwanzoni itatoa povu na harufu kali ya kitunguu kibichi, kisha itatulia, rangi itakolea, na mafuta yatatoka pembeni. Kabla ya hapo usiongeze chochote, kwa sababu kitunguu kibichi kikishafunikwa na karanga hakiivi tena, na sosi nzima itakuwa na ukali usioondoka.

Baada ya hapo mimina vikombe viwili vya tui la pili, lile jepesi, pamoja na karanga, ukwaju uliokamuliwa vijiko viwili vya chakula, sukari guru vijiko vitatu na chumvi. Pika kwa moto mdogo dakika 20 hivi, ukikoroga hadi chini kwa kuwa karanga hushika sufuria. Tui la kwanza, nusu kikombe, liingie mwishoni kabisa, lichemke kidogo tu, nawe uepue. Wapo wasiotia tui na wakatumia maji matupu, nao hawakosei. Mimi ni mtu wa Tanga, siwezi kupita jikoni bila nazi.

Sosi hii ikipoa huganda ikawa nzito kama ugali mwepesi. Usiongeze tui, ongeza maji ya moto kijiko kwa kijiko ukikoroga, itarudi. Ukitaka ladha ya ndani zaidi, kaanga kijiko kimoja cha uduvi mkavu, utwange, uweke pamoja na rojo ya pilipili. Indonesia na Malaysia wana uduvi wao uliochachushwa unaofanya kazi hiyo katika michuzi yao mingi, na huu wa kwetu unakaribia, ila uulize kwanza kama kuna mgeni asiyekula vitu hivyo.

Mzee wa Kinu aliandika:

Binti yangu, chagua karanga kwa mkono kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, maana sumukuvu haiondoki yote kwa kukaangwa. Na uwaulize wageni waziwazi kama yupo ambaye karanga humdhuru. Huyo mtengee nyama, kisahani na kijiko chake mbali na sosi.

Mama Karafuu aliandika:

Nawashukuru sana, na shikamoo Mzee wa Kinu. Nimeuliza nyumbani, na kweli yupo mtoto mmoja ambaye karanga humvimbisha midomo, kwa hiyo nimefurahi kwamba jambo hili limetajwa. Nimebakiwa na maswali mawili. Je, kipi kinaweza kufanywa siku moja kabla, ikizingatiwa kwamba nitakuwa na msaidizi mmoja tu? Na huko Malaysia satay huliwa na nini, kwa maana ugali naona hautaoana nayo?

Mwanafunzi wa Zamani aliandika:

Siku moja kabla, loweka nyama katika viungo na uiweke kwenye jokofu, na sosi ipike yote, kwani ladha yake hutulia ikilala. Kutunga nyama kwenye vijiti kufanywe asubuhi ya siku yenyewe. Kazi hiyo ndiyo inayokula muda, kwa hiyo wape vijana wa nyumbani. Mtoto huyo nyama yake ichomwe mwanzo, kabla sosi haijafika karibu na jiko, na kwa kuwa hali yake ni ya kuvimba midomo, mimi ningeiweka meza ya sosi mbali naye kabisa.

Huliwa na ketupat, yaani wali uliopikwa ndani ya vifuko vilivyosukwa kwa makuti machanga, pamoja na tango na kitunguu kibichi vilivyokatwa vipande vikubwa. Usijisumbue kusuka. Pika mchele kwa maji mengi kuliko kawaida hadi uwe laini, uuponde kwa mwiko ukiwa wa moto, ushindilie katika sinia iliyopakwa mafuta, ufunike kwa jani la mgomba na uweke kitu kizito juu yake. Ukipoa kabisa, kata vipande vya mraba kwa kisu kilicholowa maji. Tango usilitie chumvi wala ndimu, kwa maana kazi yake ni kupoza pilipili ya sosi.

Binti wa Tanga aliandika:

Naongeza dogo kuhusu sosi iliyolala: usiipashe kwa moto mkubwa. Itoe kwenye jokofu mapema, weka maji ya moto kidogo chini ya sufuria kabla hujaimimina, na ukoroge mpaka ilainike. Onja ukwaju wakati huo, kwani ikilala uchachu hufifia na mara nyingi inahitaji kijiko kingine.